Kulipa mzigo wa China kwa simu: aplikesheni iko vizuri, ila hela ikikwama unamtafuta nani?

Habari za leo ndugu zangu wafanyabiashara. Naona watu wengi wanauliza kama huduma ya kutuma hela nje kwa kutumia aplikesheni ya benki inafaa kwa mtu anayeagiza mzigo China, au bado ni bora uende tawini na proforma yako (invoisi ya awali kutoka kwa muuzaji) mkononi kama zamani. Mimi nauza vyombo vya ndani Kariakoo, chupa za chai, hotipoti, masufuria, seti za vikombe, mzigo wangu mwingi unatoka Guangdong na Yiwu na huduma hii naitumia kila ninapoagiza, kwa hiyo nitaeleza kwa kirefu. Benki yenyewe sitaitaja jina, maana nitasema mazuri yake na mabaya yake, na kwa wenzangu tunaopanga nao mtaa mmoja walio benki nyingine nasikia habari zinafanana sana.

Asiye na muda achukue jibu hapa hapa. Aplikesheni naipa 4 kwa 5. Huduma nzima, yani kuanzia unapobonyeza tuma mpaka sapulaya anasema hela imeingia, naipa 3, na katika hizo 3 sehemu kubwa ni ya dada mmoja wa kitengo cha malipo ya nje ambaye kiukweli ndo amenifanya nisihame benki. Nitamfikia.

Tuanze na kinachofanya kazi. Unafungua aplikesheni, unaingia kwenye malipo ya nje, unaandika jina la kampuni, namba ya akaunti, SWIFT code, yani utambulisho wa kimataifa wa benki ya sapulaya, ile ya herufi 8 au 11, anuani, sababu ya malipo, afu unaambatanisha proforma. China hawatumii IBAN, ile namba ndefu ya akaunti ya kimataifa, kama Ulaya, fomu ikikulazimisha kuweka IBAN ujue nchi uliyochagua siyo. Ukishamsevu sapulaya mara ya kwanza, oda inayofuata ni kuweka kiasi na kuthibitisha tu. Sasa viwanda vingi wanataka asilimia 30 ili waanze kazi na 70 inayobaki kabla hawajaachia mzigo, maana yake kila oda ni malipo mawili, na zamani kila malipo ilikuwa safari ya tawini, foleni, fomu ndefu, saini yako ikipinda kidogo tofauti na iliyopo kwenye faili unaambiwa rudia. Leo nalipa nikiwa dukani Narung'ombe huku mteja anahesabu sahani mbele yangu. Hapo sina la kulalamika, wamefanya kazi nzuri na wanastahili kuambiwa.

Vijana walioikuta Kariakoo ya sasa wanaona ni jambo la kawaida. Waliotutangulia walikuwa wanapanda ndege mpaka Guangzhou na dola za noti mwilini, unalala hoteli unaogopa hata kwenda kuoga, na ukiibiwa biashara imeisha. Afu angalia tulikotoka kibenki. Februari 1967 serikali ilitaifisha mabenki, ikabaki NBC ndo benki ya watu, na mwaka huo huo mwezi wa sita kule Enfield, London, Barclays wakazindua mashine ya kutolea hela ambayo ndo inahesabika ya kwanza duniani. Sisi milango ya benki binafsi na za nje ilifunguka kwa sheria ya 1991, NBC ikagawanywa 1997 na humo ndo ikatoka NMB. Sasa hivi benki za Kenya kama KCB na Equity zina matawi Dar, na CRDB nayo imevuka, ilifungua Burundi 2012 na Lubumbashi 2023. Hii siyo habari ya magazetini tu kwangu, nina wateja wa Congo wanaokuja kuchukua hotipoti kwa katoni nyingi, na mmoja wao, baba mtu mzima wa Lubumbashi, aliniambia mwanzoni alikuwa anapita Tunduma na dola zimefungwa kiunoni, halali usingizi ndani ya basi. Siku hizi ananipigia, "Mama, angalia akaunti," naangalia, hela ipo, namfungia mzigo bado yuko kwao.

Na ndani ya nchi ndo kabisa, hapa naomba nisifie bila kubana maneno. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007 na kwetu 2008, mwanzoni kila mtandao ulikuwa kivyake, mteja ana Tigo Pesa wewe una M-Pesa mnaanza kuhangaika na kutoa kwa wakala, kukatwa, kuweka tena, kukatwa tena. Mwaka 2014 mitandao ikaanza kuunganishwa, Tanzania ilikuwa kati ya nchi za mwanzo kabisa duniani kufanya hivyo na hatujisifii vya kutosha. Sasa kuna TIPS ya Benki Kuu, mfumo unaounganisha mabenki na mitandao ya simu sehemu moja, mteja wa Songea analipa kutoka kwenye simu yake yoyote inaingia kwenye akaunti yangu ya benki wakati bado tunaongea. Mimi hela za mauzo zinaingia mchana kutwa zenyewe, jioni sibebi mfuko kwenda benki na wala simtumi kijana wa dukani na hela, na kwa mwanamke anayefunga duka saa moja usiku pale Kariakoo hiyo peke yake inatosha kuiheshimu teknolojia.

Ila tusisahau jinsi kitu kizuri kinavyoweza kuharibiwa na makato. Ile tozo ya miamala iliyoanza Julai 2021, mimi niliona kwa macho yangu noti zikirudi kaunta. Wateja waliokuwa wamezoea kulipa kwa simu walikuja na hela kwenye mifuko ya rambo, wakisema mama makato yamezidi. Baadaye ilipunguzwa na watu wakarudi taratibu. Wanaopanga hizi ada, serikalini na kwenye mabenki, wajue mtu wa kawaida anapiga hesabu ya shilingi mia tano kwa makini kuliko wao wanavyodhani.

Sasa turudi kwenye hela ya kwenda nje, maana huko ndo kuna kazi.

Watu wengi tunadhani ukibonyeza tuma, dola zako zinasafiri kutoka Dar mpaka Guangzhou. Haziendi hivyo. SWIFT ilianzishwa Ubelgiji 1973 na mabenki 239 ya nchi 15, na kazi yake ni kubeba ujumbe, haibebi hela. Benki yako ya Dar ina akaunti ya dola kwenye benki kubwa ya nje, mara nyingi New York, na benki ya sapulaya nayo ina ya kwake huko huko au kwa benki nyingine inayofahamiana nayo. Wewe ukilipa, ujumbe unapita mkono kwa mkono, huyu apunguze hapa, yule aongeze pale, na kila aliyeushika anaweza kukata chake. Kwa hiyo ile skrini nzuri ya rangi rangi unayoiona kwenye simu ni mlango tu. Nyuma ya mlango kuna njia ile ile iliyokuwepo wakati tunajaza fomu kwa kalamu, na hiki ndo kitu ambacho benki haikuambii siku inakuonyesha aplikesheni mpya.

Angalia suala la makato kwa mfano. Mwisho kabisa wa fomu kwenye simu kuna sehemu ndogo ya kuchagua nani analipa gharama, kuna OUR, SHA na BEN. OUR maana yake gharama zote unabeba wewe uliyetuma. SHA mnagawana, wewe unalipa za benki yako, za njiani na za huko zinakatwa kwenye hela yenyewe. BEN zote anabebeshwa anayepokea. Aplikesheni ya benki yangu ilikuwa imeshajichagulia SHA yenyewe na haielezi chochote, herufi tatu tu zimekaa pale. Matokeo yake unatuma dola 8,000 kiwandani inafika 7,965, sapulaya anakwambia hela haijatimia na hataachia hati za mzigo mpaka uongeze 35, na kutuma hizo 35 inakugharimu karibu sawa na hizo hizo 35. Kwa hiyo kwa malipo ya mwisho, yale ya asilimia 70, chagua OUR na ukubali gharama. Malipo ya kuanzia unaweza kuacha SHA mkakubaliana na sapulaya ajumlishe kilichopungua kwenye invoisi ya mwisho, wengi wanakubali ukiwaambia mapema. Benki ingeweza kuyaeleza haya kwa sentensi mbili za Kiswahili pale pale kwenye skrini. Hawajafanya na nawalaumu kwa hilo.

Nije kwenye lililonifanya niandike haya yote.

Nilimlipa sapulaya wa Chaozhou, kule Guangdong wanakotengeneza sana vyombo vya stenlesi, malipo ya mwisho, mzigo umeshafungwa na nafasi ya kontena ipo. Simu ikaniletea tiki ya kijani, imefanikiwa, na meseji ya kukatwa hela ikaingia hapo hapo. Siku zikapita, sapulaya anasema hamna kitu. Nikapiga kastoma kea, kijana akanijibu vizuri tu kwa adabu, "Mama, huku kwetu inaonyesha imefanikiwa." Nikapiga tena nikampata mwingine, jibu lile lile neno kwa neno. Nikajaribu ile huduma ya kuchati kwenye aplikesheni inayojibu yenyewe, ikanipa maelekezo ya jinsi ya kubadilisha PIN. Wakati huo meli inakaribia kuondoka, sapulaya ameanza kuongea kwa mkato, na mimi nina madeni ya wateja walioshatanguliza hela. Wiki nzima ikapita na zaidi nikiwa hivyo, hela imetoka kwangu, haijafika kwao, na kila ninayemuuliza anaangalia tiki ile ile ya kijani ninayoiangalia mimi.

Nikaenda tawini, tawini wakasema malipo ya nje yamehamishiwa makao makuu, nikaenda makao makuu nikakaa mapokezi mpaka akashuka huyo dada ninayemsema. Akanisikiliza, akanipandisha juu, akanigeuzia skrini yake. "Mama, hebu angalia hapa." Akanionyesha namba ndefu ya herufi na tarakimu 36, inaitwa UETR, kila malipo ya SWIFT siku hizi yana ya kwake, na kwa namba hiyo benki inaweza kufuatilia hela imefika wapi. Mfumo huo ulianza 2017. Akanionyesha: imetoka Dar siku ile ile, imefika New York, imetoka New York kesho yake, imefika benki ya China, imesimama. Sababu, jina la mpokeaji halilingani na la akaunti.

Jina nililoandika lilikuwa sahihi, herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye proforma. Ila majina ya viwanda vya China ni marefu, limetajwa jimbo, mji, jina la kiwanda, bidhaa, afu Co., Ltd mwishoni. Ujumbe wa zamani wa SWIFT, ule wanaouita MT103, mstari wake mmoja ni herufi 35 tu. Mfumo wa benki yangu ulichukua herufi 35 za kwanza ukatupa zilizobaki badala ya kuziendeleza mstari wa pili, na haukunionya. Kwenye simu yangu jina lilionekana lote. Kule China likafika limekatwa katikati, na ofisa wa kule akaona kampuni asiyoijua.

Dada akaandika ujumbe wa kusahihisha, akaweka jina kamili, akaambatanisha namba ile, akanipa kopi niliyoipiga picha nikamtumia sapulaya kwa WhatsApp ili atulie. Kesho yake hela ikasoma. Yani kitu kilichonikosesha usingizi wiki nzima kilihitaji mtu mmoja anayejua pa kuangalia na mwenye ruhusa ya kuangalia. Hicho ndo ninachotaka wenzangu mkiulize mnapochagua benki. Aplikesheni zote zinakaribia kufanana sasa hivi, rangi tu. Uliza, siku hela yangu ikikwama New York au Guangzhou, naongea na nani, anaitwa nani, yuko ghorofa gani. Wakishindwa kukujibu, usiweke hela ya kontena hapo.

Kwa haki nieleze upande wa pili pia, kwamba mabenki kusimamisha hela kwa sababu ya jina hayafanyi kwa roho mbaya. Februari 2016 wezi waliingia kwenye mifumo ya Benki Kuu ya Bangladesh, wakatuma maagizo ya SWIFT ya karibu dola bilioni moja kutoka kwenye akaunti yake New York. Dola milioni 81 zilienda Ufilipino. Milioni 20 zilizokuwa zinaenda Sri Lanka zilisimamishwa, na sababu mojawapo ni kwamba wezi walikosea spelingi ya jina la taasisi ya kupokea, benki iliyokuwa njiani ikashtuka ikauliza. Kwa hiyo ukaguzi wa jina una maana na mimi sitaki uondolewe. Ninachokataa ni mfumo wa benki yangu wenyewe kunikatia jina afu kunionyesha tiki ya kijani.

Afu kuna yale maswali. Kama mmekuwa mkilipa nje miaka hii mitatu minne mtakubaliana na mimi kwamba maswali yaliongezeka sana, leta proforma, leta TIN, leta leseni, eleza hela umeipata wapi, unamfahamuje sapulaya. Oktoba 2022 Tanzania iliwekwa kwenye orodha ya kijivu ya FATF, lile shirika la kimataifa linaloangalia utakatishaji fedha, na tukaondolewa Juni 2025. Ukiwa kwenye orodha ile mabenki ya nje yanawaangalia kwa jicho la tofauti, na benki yako inaogopa kuliko wewe. Ina sababu ya kuogopa. FBME ilikuwa benki yenye makao makuu hapa hapa Dar, biashara yake kubwa ikiwa Cyprus, Julai 2014 Wizara ya Fedha ya Marekani kupitia kitengo chao cha FinCEN ikaitangaza kuwa ni tatizo la utakatishaji fedha, na Mei 2017 Benki Kuu yetu ikaifutia leseni. Uamuzi umetoka Washington, tawi limefungwa Dar. Kwa hiyo siku hizi nina faili moja kwenye simu, TIN, leseni, proforma, hati za mzigo uliopita, risiti za kodi, nikiulizwa natuma dakika hiyo hiyo. Mwenye karatasi zake hulipa haraka, hili nimeliona mara nyingi mno.

Reti ya dola nayo lazima niiseme. Mwaka 2023 na 2024 dola zilikuwa hazipatikani, mnakumbuka, unaenda benki una shilingi zako halali unaambiwa weka maombi usubiri, na bei yake ikapita 2,600 mwaka 2024. Kwenye kipindi kile aplikesheni ilikuwa inakubali uandike malipo vizuri kabisa afu ikifika mwisho inakwambia jaribu baadaye, haisemi dola hakuna. Mambo yamekuwa nafuu sana tangu hapo. Lakini jambo moja halijabadilika, reti inayoonyeshwa kwenye simu ni ya kila mtu, na kwa malipo makubwa unaweza kupiga simu kitengo cha fedha za kigeni ukaomba reti maalumu. Benki Kuu inaweka reti zake kila siku kwenye tovuti, ifungue kwanza ndo upige, ujue unaanzia wapi. Tofauti ya shilingi kumi kwa dola inaonekana ndogo, kwa dola 8,000 ni shilingi 80,000, ni mshahara wa siku kadhaa wa kijana wako wa dukani. Aplikesheni haina kitufe cha kupatana bei, hilo limebaki la binadamu kwa binadamu.

Wengine wameanza kulipa kwa yuan, hela ya China yenyewe, moja kwa moja. Nimeshajaribu na sapulaya wa Yiwu aliyekubali, hela haikupita New York kabisa, na ilifika mapema kuliko nilivyozoea. China wana mfumo wao wa malipo ya kuvuka mipaka unaitwa CIPS, ulianza Oktoba 2015, na kwa malipo ya yuan benki itakuomba pia CNAPS code, yani namba ya utambulisho ya benki ya sapulaya ndani ya China, mwombe sapulaya aiandike kwenye proforma. Tatizo langu ni reti, benki inabadilisha shilingi kwenda dola kwanza afu dola kwenda yuan, unaliwa mara mbili. Piga hesabu zote mbili kabla hujaamua, na siyo kila kiwanda kinapokea, wengi bado wanataka dola.

Muda pia ni kitu. Dar ikiwa saa nne asubuhi Guangzhou ni saa tisa alasiri, watu wanaanza kufikiria kwenda nyumbani. Ukilipa saa nane mchana kule ni saa moja usiku na New York ndo kwanza kunapambazuka. Kwa hiyo mimi nalipa asubuhi mapema, Jumatatu mpaka Jumatano. Ijumaa mchana sitaki kabisa, hela inaenda kulala wikendi mahali usipopajua. Na wiki ya kwanza ya Oktoba kule ni sikukuu yao ya taifa, mwaka mpya wa Kichina ndo usiseme, viwanda na mabenki wanafunga, panga malipo yako kabla.

Kuhusu usalama nitasema moja tu, kwa sababu ile meseji ya matapeli ya "tuma kwenye namba hii" kila Mtanzania anaijua. La kwetu waagizaji ni baya zaidi. Wezi wanaingia kwenye barua pepe ya sapulaya, wanasoma mawasiliano yenu kimya kimya, siku ya kulipa unaletewa proforma nzuri yenye nembo na muhuri ile ile, ila namba ya akaunti imebadilika, mara nyingi wanasema akaunti yetu ya kawaida inakaguliwa lipa hii nyingine. Jirani yangu mmoja hapa mtaani ilimkuta na hela haikurudi. Akaunti ikibadilika mpigie sapulaya kwa video, yule unayemjua sura, akusomee namba kwa mdomo wake. Benki haitakulinda hapo, ukishathibitisha kwa PIN yako wanahesabu ni wewe.

Kwa upande wa benki yangu nimeshawaandikia barua, na nimeipeleka kwa mkono makao makuu ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Nimeomba mambo matatu. Namba ya UETR ionekane kwenye simu ya mteja pamoja na hela imefika wapi, maana wao tayari wanaiona. Jina la mpokeaji lipelekwe lote, kwa sababu ujumbe mpya wa ISO 20022 ambao mabenki ya dunia nzima yalitakiwa kuhamia mpaka Novemba 2025 unabeba jina la herufi 140, sababu ya kukata haipo tena. Na kitengo cha yule dada kiongezewe watu badala ya kupunguziwa, kiwe na simu inayopokelewa, kwa sababu nasikia mpango ni kuhamishia maswali yote kwenye ile chati inayojibu yenyewe. Hilo la mwisho ndo linaloniogopesha kuliko yote. Wakilifanya, hiyo 3 niliyowapa hapo juu inashuka siku hiyo hiyo, na kontena langu linalofuata nitalilipia benki ya pili ambayo nimeshafungua akaunti tayari, nimeshauliza, na wamenipa jina la mtu na ghorofa anayokaa.